Esanse iko mlangoni kwetu, makaratasi iko wapi?

Goma, tarehe 2 Julai 2024

Leo inatimia miaka 14 tangu Sange iungue.

Wengi wetu tulikuwa bado watoto wa shule ya msingi. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka upande wa Tanzania lilipinduka katikati ya Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Esanse ikaanza kumwagika. Watu wakaja na bidoni, na sufuria, na mabeseni. Wengine hawakuja kuchota kitu: walikuwa wamekaa ndani ya vyumba vya video wakiangalia Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Halafu moto ukashika. Zaidi ya watu 230 walikufa. Walizikwa katika makaburi ya pamoja, maana wengi hapakuwa na mtu aliyeweza kuwatambua tena.

Sisi wa Goma hatukuhitaji kungoja Sange ili tujue. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishuka mpaka kati ya mji, ikapita sokoni, ikafika ziwani. Wazazi wetu walikimbilia Gisenyi, wakarudi, wakakuta lava ingali moto. Siku nne baadaye, tarehe 21 Januari, watu waliingia ndani ya stasio moja iliyozungukwa na lava, kutafuta esanse iliyobaki. Stasio ikalipuka. Makumi ya watu walikufa pale pale. Volkano yenyewe ilikuwa imekwisha kutulia. Waliokufa ile siku walikufa na esanse.

Na tarehe 6 Oktoba 2018, kule Mbuba, Kongo Central, kwenye barabara ya Matadi kwenda Kinshasa, lori lingine la mafuta liligongana na gari lingine. Karibu watu 50 walikufa.

Kila mara, kisha mazishi, tunasikia maneno yale yale: wananchi ni wajinga, wananchi walikuwa wanaiba mafuta, wananchi hawasikii. Wakubwa wanakuja na suti nyeusi, wanatangaza siku za kilio, wanarudi. Sisi tunauliza maswali mengine. Nani alitoa ruhusa ile stasio ijengwe pale? Nani aliikagua mara ya mwisho, na aliandika nini? Ile karatasi iko wapi?

Hatuulizi juu ya Sange peke yake. Tunauliza juu ya Goma, leo.

Pita kidogo mjini kwa miguu, toka Katindo mpaka Majengo, halafu rudi kwa Birere. Utaona stasio imeshikana ukuta na nyumba ya mbao. Utaona nyingine inatazamana na lango la shule. Mama anauza samaki wa kukaanga na babula yake inawaka makala, na hatua chache kutoka pale lori linashusha esanse ndani ya tangi la chini ya ardhi. Motari anajaza mafuta huku mashine inanguruma na kliya amekaa nyuma, simu sikioni. Mara ngapi mteja huyo alikuwa ni wewe? Sisi tunakiri: mara nyingi alikuwa mmoja wetu.

Kuko kati yetu waliosoma kemia na mazingira kwenye chuo kikuu. Diploma zao ziko ndani ya malette, chini ya kitanda. Hebu leo zitumike kidogo.

Kinachowaka si esanse yenyewe, ni mvuke wake. Esanse inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa Goma inatoa mvuke saa zote, mchana na usiku. Mazutu iko tofauti: inataka joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake uwake. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unaingia chini ya mlango, unakaa kwenye shimo. Sisi wa Goma tunaelewa jambo hilo haraka kuliko watu wengine, kwa sababu tunajua mazuku, ile gesi ya volkano inayojaa kwenye mabonde na kuua mbuzi, na kuua hata watoto, bila mtu kuiona. Mvuke wa esanse unatembea sawa vile. Tofauti ni kwamba huu ukikuta babula inawaka, unarudi na moto mpaka kule ulikotoka.

Kwa hiyo sheria za usalama wa stasio si maneno ya wazungu wala mapambo ya vitabu. Lori linaposhusha mafuta linafungwa waya unaoshuka ardhini, ili umeme unaojikusanya kwenye mpira na tangi usirushe cheche. Nyumba na babula zinawekwa mbali kwa sababu mvuke unatembea. Mchanga na chupa za kuzimia moto vinakaa karibu kwa sababu maji yanaeneza esanse inayowaka, hayaizimi. Tangi la chini linapimwa kila wakati kwa sababu likitoboka hakuna atakayeona. Na hapa kwetu, ambako ardhi ni jiwe la lava lenye nyufa kila mahali, na inatetemeka mara kwa mara, esanse inayovuja chini inashuka. Inashuka kuelekea ziwani. Na maji ya kunywa ya mji huu yanatoka ziwani.

Sasa, je, nchi yetu haina sheria? Iko nazo. Tena nyingi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Inasema wajibu. Kwa hiyo anayetuambia "hayo hayawahusu" anaomba tuvunje Katiba. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inasema, katika kifungu cha 21, kwamba mradi wowote unaoweza kuharibu mazingira lazima utanguliwe na utafiti wa athari kwa mazingira na jamii, pamoja na mpango wa kuzisimamia, na vyote vikubaliwe kabla ya kuanza. Amri ya tarehe 29 Mei 2013 inapanga majengo na viwanda vya hatari katika madaraja. Mwaka 2014 iliundwa ACE, Wakala wa Mazingira wa Kongo, ili kuchunguza hizo tafiti. Sheria ya hidrokaboni ya tarehe 1 Agosti 2015 inahusu kazi yote ya petroli, toka kuchimba mpaka kuuza. Na hata Mbelgiji, ambaye hakutupenda, aliandika katika amri yake ya tarehe 12 Februari 1953 kwamba kabla ya kufungua jengo la hatari, majirani waulizwe wanasema nini.

Majirani waulizwe! Jirani wa stasio, unayesoma hapa: ni nani alikuja kukuuliza? Ulitia sahihi wapi?

Tulitaka kujua. Tukaandika barua ya heshima kwa ofisi moja ya hapa mjini, hatutaitaja. Tuliomba mambo matatu tu: orodha ya stasio na depo zote za Goma, zile zilizo na utafiti wa athari uliokubaliwa, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa kila moja. Hatukuomba faranga. Hatukuomba kazi, ingawa tunaihitaji.

Siku ya kwanza tuliambiwa mukubwa yuko kwenye mkutano. Siku ya pili tuliulizwa: "Munatumwa na nani? Muko wa chama gani?" Tukasema hatuko wa chama chochote, tuko wakaaji wa Goma. Huyo bwana akacheka. Siku ya tatu barua yetu ilipigwa kashe, tukapewa nakala. Tunaiweka mpaka leo. Tumerudi mara nne. Katibu sasa anatufahamu, anatupa hata kiti, na anasema kwa upole: "Bwana zangu, hiyo fayili haitoki ivi-ivi." Mmoja wetu akamuuliza: haitoki kwa sababu ni siri, ao kwa sababu haiko? Hakujibu. Akaangalia dirishani.

Hapo ndipo shida yote inakaa. Kama stasio iko na karatasi yake sawasawa, kuionyesha hakumpotezei mtu kitu. Ingekuwa hata sifa kuibandika ukutani, karibu na bei. Kama karatasi haiko, basi kuna mtu aliyenyamaza, na tunataka kujua alinyamaza kwa bei gani.

Kwa sababu wakaguzi wanapita. Tusiseme hawapiti. Waulizeni vijana wanaofanya kazi kwenye stasio: wiki haiishi bila mtu wa ofisi hii ao ile kufika na fayili kwapani. Huyu ni wa mazingira, huyu wa hidrokaboni, huyu wa mji, huyu wa komine, huyu wa kupima ubora. Wanauliza kitansi ya takse. Kitansi ikiwepo, wanatafuta ingine isiyokuwepo. Halafu mazungumzo yanafanyika ndani ya biro, mlango unafungwa, na mkaguzi anatoka. Wangapi kati yao waliinama kuangalia ule waya wa ardhini? Wangapi walifungua kile kisanduku cha mchanga na kukuta kimejaa maganda ya ndizi?

Ukaguzi wa namna hiyo unaharibu kazi kuliko kutokuwa na ukaguzi. Mwenye stasio anajifunza kwamba usalama ni kitu cha kulipia, hauko kitu cha kufanya. Yule anayetaka kuwa mwema, anayenunua vifaa, anayefundisha wafanyakazi, analipa mara mbili: analipa vifaa, na analipa pia wale wanaokuja mlangoni. Jirani yake ambaye hakununua kitu analipa mara moja tu. Kisha mwaka mmoja wa namna hiyo, nani atabaki mwema?

Na Kadhafi, tunasema nini juu yake?

Kila mtu anamjua Kadhafi, yule anayeuza esanse kando ya barabara, bidoni ya njano chini na chupa za plastiki juu ya meza. Jina alipewa kwa sababu ya yule mukubwa wa Libya, nchi ya petroli. Kila mara moto unapotokea kwake, polisi inapita kunyang'anya bidoni, picha zinapigwa, na mambo yanaonekana kama yamemalizika. Kisha wiki moja amerudi. Na bidoni zilizonyang'anywa? Hatujui esanse yake ilikwenda kuwasha gari la nani.

Tuseme ukweli: Kadhafi ni hatari. Anamimina esanse usiku kwa mwanga wa mshumaa ao tochi ya simu, anaiweka ndani ya chumba ambamo watoto wanalala. Na tuseme ukweli mwingine: kati yetu tunaoandika maneno haya kuko wenye lisanse ambao wamekuwa Kadhafi. Walitembeza barua za kuomba kazi miaka miwili, mitatu, wakachoka, wakanunua bidoni. Mwenzetu mmoja alifanya tefe yake juu ya uchafuzi wa maji, akapata nota nzuri, na leo anauza esanse hatua chache kutoka mtaro unaoshuka ziwani. Anajua vizuri kuliko sisi wote anachofanya. Analala vibaya. Lakini anakula.

Kwa hiyo hatutakubali usafi wa mji uanzie kwake na uishie kwake. Mama mwenye chupa kumi hana mtu wa kumpigia simu. Mwenye depo anaye. Sheria ianze juu ishuke chini, isianze chini na kusahau kupanda.

Kama kuna anayefikiri tunatia chumvi, atazame Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari mwaka huu, kule Embakasi, kituo cha kujazia gesi kililipuka kati ya nyumba za watu. Watu walikufa, zaidi ya 200 waliumia, manyumba na magari yakaungua. Kisha moto, makaratasi yakaanza kusema. Ofisi ya nishati ilieleza kwamba ombi la kujenga pale lilikuwa limekataliwa mara tatu mwaka 2023, kwa sababu watu wanaishi karibu sana. Lakini ofisi ya mazingira ilikuwa imetoa leseni, na yenyewe ikakubali baadaye kwamba leseni ile ilitolewa vibaya. Wafanyakazi wake wanne wakasimamishwa.

Angalieni vizuri mfano huo. Kenya wanazo ofisi, wanazo sheria, wanao wakaguzi wenye magari. Ofisi moja ilisema hapana, nyingine ikasema ndiyo, na majirani hawakujua hata moja ya hayo mawili mpaka usiku wa moto. Ingekuwa ile hapana ya kwanza imebandikwa kwenye ukuta wa mtaa, labda majirani wangesimama mbele ya lango. Karatasi iliyofungiwa ndani ya kabati haikuokoa mtu. Lakini angalau Wakenya, kisha moto, walijua nani aulizwe. Sisi, kisha Sange, tulijua nini?

Na mambo hayataishia kwa stasio. Chini ya ziwa letu kuna gesi: karibu kilometa za ujazo 60 za metani, na karibu 300 za gesi ya kaboni, ile ile ya mazuku. Inakaa kule chini kwa sababu maji ya chini ni mazito, na yale ya juu yanayakandamiza kama kifuniko. Mwaka 1986, tarehe 21 Agosti, ziwa dogo la Nyos, kule Kameruni, lilitapika gesi yake usiku, na zaidi ya watu 1,700 walikufa wakiwa wamelala. Kivu ni kubwa mbali sana kuliko Nyos.

Hatusemi gesi isitolewe. Kuipunguza vizuri kunaweza hata kutulinda, na umeme tunauhitaji: upande wa Rwanda, mashine ya megawati 26 inafanya kazi ziwani karibu na Kibuye tangu miaka nane hivi. Lakini kazi hiyo iko na masharti yake. Maji yanavutwa kutoka chini, gesi inatolewa, halafu maji yale lazima yarudishwe kwa kina kinachofaa. Yakirudishwa vibaya, yanavuruga tabaka zinazokishika kile kifuniko. Mwaka 2009 wataalamu waliandika kanuni juu ya hilo kwa ajili ya nchi zote mbili.

Upande wetu, mwezi wa Julai 2022, serikali ilitangaza kule Kinshasa mnada wa vitalu 27 vya petroli na vitatu vya gesi ya ziwa hili. Baadhi ya vile vya petroli vinagusa Virunga, mbuga ya tangu 1925, urithi wa dunia tangu 1979, ambako watu walipigana miaka mingi mpaka kampuni ya SOCO ikaacha utafutaji wake. Mwezi wa Januari 2023 tuliambiwa makampuni yaliyoshinda vitalu vya gesi. Sisi tunaoishi juu ya hiyo gesi, tunaofua na kuoga ndani yake, hakuna aliyekuja kwenye kartie zetu na karatasi mkononi kutueleza: tutavuta maji kutoka mita ngapi, tutayarudisha mita ngapi, nani atapima, na siku kipimo kikionyesha hatari, nani ana uwezo wa kusema zimeni mashine.

Serikali inayoshindwa kuonyesha karatasi ya stasio moja ya Birere itasimamia ziwa zima namna gani?

Tunajua tutakayoambiwa: "Ni wakati wa vita, na ninyi munaongelea esanse?" Ndiyo, tunaijua vita. Tunaamka nayo, tunalala nayo. Tarehe 3 Mei bombe ziliangukia wakimbizi kule Mugunga na Lac Vert, tulizika watoto. Ni kwa sababu hiyo hasa tunaongea. Mji umejaa watu waliokimbia Rutshuru na Masisi, wamebanana ndani ya mahema ya plastiki, wanapika na makala. Kila depo isiyojulikana, kila tangi lililofichwa nyuma ya ukuta wa kartie, ni bombe ambalo halihitaji mtu wa kulirusha kutoka mbali. Siku lile la mbali litakapoanguka karibu na hili la karibu, tutafanya nini? Gari la kuzima moto, hata wakati wa amani, mara nyingi linafika nyumba zimekwisha kuwa majivu, na majirani ndio wanaozima kwa udongo na mabeseni. Na tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi ulioletwa kwa ajili ya kutulinda. Basi hapa kuna kazi ya kutulinda isiyohitaji risasi hata moja.

Kwa hiyo tunadai:

1. Orodha ya stasio na depo zote za mafuta na gesi za Goma na Nyiragongo itangazwe ndani ya siku 30: jina, avenyu, namba ya ruhusa, tarehe ya utafiti wa athari, tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Ibandikwe kwenye komine na kwenye kila ofisi ya kartie. Isiyokuwa na karatasi iandikwe wazi kwamba haina.

2. Ukaguzi mmoja wa pamoja, mchana, mbele ya watu: mazingira, hidrokaboni, wazima moto, shefu wa kartie na wajumbe wa majirani. Kila stasio ipewe ripoti yake na muda wa kutengeneza. Zile zilizoshikana na shule na hospitali zifungwe mpaka zitengeneze ao zihame.

3. Anayekagua asiguse faranga. Takse na faini zilipwe benki, kwa karatasi moja, na tarifa ibandikwe stasioni.

4. Kwa Kadhafi: wafundishwe, wapewe masharti mepesi wanayoweza kufuata (bidoni ya chuma, mchanga, mbali na babula na mlango wa shule, hakuna kulala na esanse) kabla ya mtu kuwanyang'anya kitu.

5. Mikataba na tafiti za athari za gesi ya ziwa zitangazwe kabla ya bomba lolote kushuka majini. Amri ya tarehe 20 Mei 2011 inasema mkataba wa mali ya asili utangazwe ndani ya siku 60. Na zielezwe kwa Kiswahili, kwenye mikutano ya kartie, si ndani ya hoteli.

6. Vijana waliosoma mambo haya waingizwe kazini. Mji una mamia ya mahali pa kukagua na una vijana wenye diploma wanaokaa bure. Hatuombi huruma. Tunaonyesha hesabu.

Na sisi wenyewe tunajifunga. Toka leo tunashuka kwenye moto na kuzima mashine kabla ya kujaza, hata kama motari ananuna. Hatupigi simu stasioni, hata kwa kupiga picha za kuleta hapa: picha ipigwe kutoka ng'ambo ya barabara. Lori la mafuta likianguka tunakimbia kuelekea upande mwingine, na tunamvuta mkono jirani aliyeshika bidoni, hata akitutukana. Yeye ni maskini kama sisi. Wale wa Sange pia walikuwa maskini, si wezi.

Kila mwenye kusoma hapa afanye jambo moja wiki hii. Nenda kwenye stasio iliyo karibu na nyumba yenu. Salimia kwa heshima. Uliza: "Tafazali, mukubwa, naweza kuona karatasi yenu ya mazingira?" Usigombane, usitishe mtu. Andika jibu, avenyu na tarehe, utuletee. Tutaziweka pamoja, kartie kwa kartie, na kama wao hawana orodha, sisi tutakuwa nayo.

Siku ya 30, Alhamisi tarehe 1 Agosti, sheria ya hidrokaboni itatimiza miaka tisa. Asubuhi ile tutarudi kwenye ile ofisi, na ile nakala yenye kashe. Katibu atatupa kiti, tunamshukuru. Safari hii tutakuwa wengi, viti havitatosha.